Istikhara ya Kaka Rubani

Kaka yangu alipokuwa akipita na ndege juu ya mji wetu, mama alianza na nguo. Kabla ya kutazama juu alikimbilia kamba akazishika kanga zake, kana kwamba kile kidege cha injini moja kingeweza kuzipeperusha kutoka kule kilikokuwa. Bibi alijikokota mpaka mlangoni, akaweka kiganja juu ya macho, akawatangazia majirani: "Huyooo, mume wangu anakwenda kazini!" Na jirani mmoja hakukosa kumjibu, "Mwambie arudi na samaki!"

Mimi nilikimbilia chooni. Choo chetu hakikuwa na paa, na humo ndani hakuna aliyeweza kuniona nikipunga mkono. Nilipunga mikono yote miwili mpaka ndege ikawa nukta juu ya minazi, halafu nikatoka na kopo la maji kama mtu aliyekwenda haja.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili. Sikuwa msemaji. Mwalimu akiniuliza swali jibu nilikuwa nalo, lakini likifika kooni lilikwama kama mwiba wa samaki kibua, na aliyenyoosha kidole nyuma yangu akalichukua. Nyumbani walinizoea hivyo. Wakaona kwa kuwa mdomo uko kimya, basi na ndani kuko kimya. Kumbe ndege ikishapita mimi niliendelea kuifuata siku nzima. Nikiwa darasani nilikuwa juu ya mikoko, nikiwa natwanga kisamvu nilikuwa juu ya mashamba ya chumvi, najiuliza kule juu harufu ya bahari inafika au haifiki.

Kaka alifanya kazi katika kampuni ndogo ya ndege ya Dar es Salaam. Alipeleka madaktari, barua, vipuri vya mashine za mkonge, na mara moja beberu wa maonyesho ambaye, kwa maneno ya kaka, alikuwa abiria mtulivu kuliko wakubwa wengi wa serikali. Kwenye usukani alikuwa peke yake, hana msaidizi. Wanaume wa kwetu wote walikuwa watu wa bahari. Babu alikufa akiwa nahodha, mjomba alikuwa serehangi, msimamizi wa mabaharia, mpaka magoti yalipomkataa, na baba aliuza kamba, misumari na pamba ya kukalafati, ya kuzibia nyufa za vyombo, pale mtaani Dunda. Kaka ndiye wa kwanza kuyaacha maji. Watu wa mtaani hawakujua wamwite nani, wakaona wamwite nahodha vilevile.

Ijumaa moja kaskazi ilipokuwa inaelekea kuchoka, alikuja na habari. Alikuwa amevaa suruali mpya ya bugaluu, pana chini, na bibi alimwuliza kama kitambaa cha chini kilikuwa cha bei rahisi. Kaka hakucheka. Tulipomaliza kula alinawa mikono muda mrefu, halafu akasema shirika kubwa la ndege limemwita. Nairobi. Ndege kubwa, za kuvuka mpaka Ulaya. Wanataka jibu mapema.

Baba alishasimama. "Jibu gani tena? Waambie umo njiani!"

"Ngoja kwanza," mjomba akasema. Alikuwa ameegemea nguzo, anachokonoa meno. "Hebu niambie, mtoto wa dada yangu. Leo hii, ndani ya hicho kidege chako, mkubwa nani?"

"Mimi, mjomba."

"Na huko?"

"Huko nitakaa kiti cha kulia. Nahodha anakaa kushoto."

"Miaka mingapi kulia?"

"Inategemea. Saba. Labda kumi."

"Yaani unaacha unahodha wa mashua ukawe mpika wali wa meli!"

Kila mtu alicheka isipokuwa kaka. Akatueleza kilichokuwa kinamkosesha raha. Kwenda, alisema, angekwenda tu siku moja, kwa sababu hakuna rubani anayezeeka kwenye kidege cha injini moja. Asichojua ni lini. Kampuni yake ilikuwa imemwahidi kwamba masika yakiisha watampa ndege ya injini mbili, na rubani aliyekwisha kuongoza injini mbili huko kwenye mashirika makubwa hupokewa kwa heshima, hata kiti cha kushoto humjia mapema. Kwa hiyo kukaa kidogo kulikuwa na faida. Lakini kule kwenye shirika kubwa kuna foleni. Foleni hiyo haitazami nani hodari, inatazama nani aliingia kwanza. Wenzake aliosoma nao watatu walikuwa wanaingia mwezi ule. Akichelewa, atakuwa nyuma ya migongo yao mpaka siku ya kustaafu.

"Subira yavuta heri," mjomba akasema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," baba akamjibu.

"Kama ni methali tu," mama akasema, "basi endeleeni, lakini mnipe sahani zangu nikaoshe."

Mjomba akaongeza jambo moja, safari hii bila utani. Hata kama ni kwenda, alisema, kwetu baharia hateremki chombo kikiwa majini. Anangoja kipandishwe pwani kikwanguliwe na kupakwa mafuta, hapo ndipo anamshika nahodha wake mkono, anaaga. Anayeteremka katikati ya msimu, jina lake linatangulia kufika bandari zote.

Walipofika hapo, bibi, ambaye siku zote alingoja wanaume wachoke, akasema, "Itasaliwa istikhara, Mungu atuonyeshe kwa ndoto."

Kaka akasema vyema, atasali usiku uleule.

"Wewe? Wewe usisali. Moyo wako umeshapanda ndege umekwenda Nairobi na kurudi mara nne tangu tuanze kula. Utaota unachokitaka. Baba yako naye anataka, mjomba wako hataki, mama yako analia tayari." Akatutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi, niliyekuwa nakusanya miiba ya samaki kwenye ungo. "Atasali huyu. Huyu hana lake."

Najua mwalimu wetu wa chuo cha Kurani angesema istikhara ni ya mwenye haja mwenyewe. Nyumbani kwetu, tangu enzi za babu, ilikuwa desturi kumtafuta mtu ambaye jambo halimhusu. Babu alipotaka kununua chombo chake cha pili, aliyeota ni shangazi mmoja wa Pangani ambaye hata kuogelea hakujua.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mwiba ule wa kibua ukakaa mahali pake. Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Nilisali rakaa mbili baada ya isha, nikasoma dua kama nilivyofundishwa, nikalala ubavu wa kulia. Na nikaota.

Ndege ya kaka ilikuwa uani kwetu, imelala kama mbuzi aliyeshiba. Bawa moja lilipita juu ya kisima, la pili lilikuwa limeingia dirishani mwa bibi. Hapakuwa na mlio wowote. Bati lake lilikuwa na joto, na nilipoligusa liliinuka na kushuka kidogo chini ya mkono wangu, kama linapumua. Mama alikuwa anaanika kanga juu ya bawa, moja baada ya moja, na kila alipochukua moja beseni lilijaa zaidi. Kaka alikuwa ndani. Nilimwona kwenye kioo anasema neno, sikulisikia. Halafu maji yakaanza kuingia uani, maji safi ya vuguvugu, yakafika magotini, ndege ikaelea juu yake polepole bila kwenda popote. Mkia wake nilikuwa nimeushika kwa uzi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena nikiwa macho. Nilipoamka mto ulikuwa umelowa upande mmoja.

Asubuhi walikuwa wamekwisha kukaa. Baba alikuwa hajafungua duka. Bibi akaniuliza, "Umeota?"

"Nimeota."

"Kheri, inshallah," wakaitikia wote.

Nikasimulia nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilipofika kwenye ndege kulala uani, mjomba alipiga goti lake. "Imekwisha! Iko uani. Abaki."

"Na maji?" baba akadakia. "Maji ni safari, shemeji, wewe wa kuambiwa hivyo? Na kanga mabawani ni bendera. Chombo kimepambwa, kinaondoka."

"Kimeelea papo hapo, kasema. Hakijakwenda!"

"Kinangoja upepo!"

Bibi akawanyamazisha kwa kugonga buli. "Ulipoamka moyo wako ulikuwaje?"

"Ulikuwa na furaha."

"Basi. Jibu liko moyoni, haliko kwenye kanga. Atabaki mpaka masika yaishe, achukue hiyo ya injini mbili, ndipo aondoke."

Nikasema, "Lakini..." Baba naye alikuwa na lakini yake, na ya kwake ilikuwa kubwa, ikaifunika ya kwangu. Kaka alivuta pumzi ndefu. Uso wake ulikuwa kama wa mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Jumatatu nitawapelekea jibu kwamba siji."

Kabla hajapanda basi kurudi Dar es Salaam alinivuta pembeni. Kesho yake, Jumapili, alikuwa na safari ya Pangani. Angetua kwenye kiwanja cha majani nyuma ya mji kumchukua nesi mmoja mwenye sanduku la chanjo, na kiti kimoja kilikuwa kitupu. "Zawadi ya ndoto yako," akasema. "Vaa viatu vya kufunga."

Sikuwahi kupanda hata lori la mkaa. Kaka alinifunga mkanda, akaniweka kiti cha kulia, cha pembeni yake. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa nyuma na sanduku lake mapajani, akasoma ayatul kursiyu, aya ya kuomba kinga, kwa sauti ya kutosha watu watatu. Majani yakakimbia. Halafu yakaacha kukimbia, na nikajua tumetoka ardhini kwa sababu tumbo langu lilibaki.

Sijui niandike nini juu ya kule. Nyumba zetu zilikuwa mapaa ya bati na makuti yaliyomwagwa na mtu asiye na haraka. Niliona choo chetu, kijisanduku kilicho wazi, na nikafahamu kwa aibu kubwa kwamba miaka yote ile kaka alikuwa ananiona. Mto Ruvu uliingia baharini kama chai ya maziwa inayomiminwa ndani ya kitu cha kijani. Kulia kwetu bahari ilikuwa na rangi ambazo sina majina yake, moja ikilala juu ya nyingine, na kivuli chetu kidogo kilipita juu yake hakilowi. Wami nao ukaja, ukapita. Mashamba ya chumvi ya Saadani yalikuwa kama vioo vya madirisha vilivyolazwa chini. Kaka alikuwa tofauti. Nyumbani alikuwa mtoto wa watu. Pale alikuwa amekaa kama bibi anavyokaa jikoni, mkono unakwenda kwenye kitu kabla jicho halijafika.

Nikamwangalia hivyo nikajua kwamba Jumatatu inakuja, na kwamba ile ndoto haikuwa jibu la mtu yeyote isipokuwa mimi.

"Kaka," nikasema.

Injini ikala sauti yangu. Hakugeuka.

"Kaka, mimi nilikuwa nataka ubaki."

"Nini?"

"Nilikuwa nataka ubaki!"

"Sisikii! Unataka kutapika?"

Basi nikavuta pumzi yote iliyokuwamo mle ndani. "NILITAKA UBAKI! TANGU KABLA SIJASALI! NINA LANGU! NDIYO MAANA NIKAOTA VILE!"

Sikuwahi kupiga kelele namna ile, wala sijarudia. Nesi aliacha kusoma. Akaniinamia begani. "Mwanangu," akapaza sauti, "akitaka kubaki abaki, akitaka kwenda aende, lakini kwanza atushushe!"

Kaka alicheka mpaka ndege ikayumba kidogo, nesi akarudi kwenye ayatul kursiyu mwanzo kabisa.

Pangani nesi alichukuliwa na Landrova ya hospitali. Sisi tulikaa kwenye kivuli cha bawa tukala maandazi ya mama. Majani yalinukia petroli na jua. Nilingoja anigombeze. Alimaliza andazi la kwanza, akachukua la pili.

"Ulipoisimulia ile ndoto," akasema, "mimi nilifurahi. Ulinionaje?"

"Kama umeahirishiwa mtihani."

"Ndiyo hivyo hivyo." Akafuta mafuta ya andazi kwenye majani. "Naogopa, mdogo wangu. Hapa nikitua mtu ananipokea mkoba, ananiita kapteni. Huko nitakuwa yule anayeulizwa, hebu we kijana, ile chai vipi. Nitaanza kujifunza upya kama sijui kitu. Bibi aliposema nibaki, niliona Mungu kanihurumia."

"Na ile ya injini mbili?"

Akang'oa jani moja, akalikunja. "Kuna mwenzangu mkubwa pale kazini, anayeruka na barua. Aliahidiwa hiyo hiyo, masika yakiisha. Masika ya mwaka jana. Na ya mwaka juzi."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda koo lilikuwa bado wazi tangu kule juu. "Sasa unangoja nini wewe? Wenzako wanaingia foleni mwezi huu. Hiyo ya injini mbili hata hujui kuingoja kutakugharimu miaka mingapi. Kama unaogopa, na mwaka kesho si utaogopa vilevile, tena ukiwa nyuma yao?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Na wewe unataka nibaki."

"Nataka sana," nikasema, na nikaanza kulia, jambo lililoharibu hoja yangu.

Akaniacha nilie. Alizunguka ndege, akagusa hiki na kile, akatazama chini ya injini. Aliporudi alikuwa ameamua, nililiona hilo kwenye mabega. Alisema hatateremka chombo kikiwa majini. Ndege ile ilikuwa inaingia karakana mwisho wa mwezi kufunguliwa injini na kukaguliwa, na huko ndiko kupandishwa pwani kwake. Atawaambia wakubwa wake Jumatatu, ataruka mpaka siku hiyo, atawashika mkono, atakwenda. Nairobi watamngoja siku hizo chache, na kama hawatamngoja, basi. Kufika nyumbani kueleza ndiko kungekuwa na shida, kwa sababu lazima arudishe ndege Dar es Salaam alasiri ileile.

"Nitawaambia mimi," nikasema.

Alinishusha kwenye kile kiwanja cha majani akaendelea na safari, na nyumbani nilimkuta bibi anachagua mchele. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikakaa chini mbele ya ungo, nikamwambia yote kabla koo halijafunga. Kwamba kaka anakwenda. Kwamba ndoto ilikuwa ya matakwa yangu, na kwamba nilikuwa nayo matakwa hayo hata nikiwa natawadha.

Bibi aliuweka ungo chini. "Yaani nimetafuta mtu asiye na lake nyumba nzima, nikamkamata mwenye mali!"

"Nisamehe, bibi."

"Sikusemi wewe, nasema macho yangu." Akauvuta ungo tena. "Ulitaka abaki kwa nini?"

"Akipita juu nafurahi."

Akaendelea na mchele. Aliokota jiwe, akalitupa, akaokota jingine. "Na mimi," akasema baadaye. "Na mimi nilipoisikia ile ndoto sikutaka kuiuliza sana."

Baba alipoambiwa alitembea mtaa mzima kama yeye ndiye anayekwenda. Mjomba alinuna mpaka aliposikia habari ya karakana. Akataka aelezwe tena, injini inatolewaje, inasafishwa kwa kitu gani, na mwishowe akasema kwamba huyo kijana kumbe ana adabu ya bahari. Mama alihesabu pesa zake. Kesho yake alikwenda Dar es Salaam kwa basi, akarudi na mabonge ya uzi wa sufu, maana alikuwa amesikia Nairobi kuna baridi ya kutoa moshi mdomoni, na mjini kwetu nani auze sweta? Rangi aliyoipata ilikuwa ya bizari. Akaniletea mimi, kwa sababu shuleni tulifundishwa kufuma na yeye hajui.

Nilifuma barazani, mchana, mbele za watu, bila kujificha. Kadiri kazi ilivyokwenda mawazo yalinijia ambayo siyafichi. Sweta likichelewa labda ataahirisha, labda atasema nangoja sweta, labda mvua zitafunga barabara. Ningeweza kufumua mstari mmoja kila siku na hakuna ambaye angejua. Badala yake vidole vilikwenda mbio zaidi. Kifua kikaisha, mgongo ukaisha, mkono mmoja ukaisha. Mvua za kwanza zilipopiga bati nilikuwa kwenye mkono wa pili, na kwa haraka nilipitiliza, ukawa mrefu kuliko mwenzake kwa upana wa viganja viwili.

Mama akaona. "Ufumue hapo, urudie."

"Hakuna nafasi, mama. Anaondoka kesho," nikasema, nikakata uzi kwa meno.

Kaka alipokuja kuaga alilivaa palepale barazani, katika joto lile, jasho linamtoka. Mkono wa kushoto ulimfunika vidole vyote. Aliukunja mara mbili, akauangalia, akasema huu ndio utakaokuwa wa baridi kali.